Ndege wa Porini Uani Mwako: Anza na Maji

Kila mwaka ifikapo Juni, masika yakiwa yamekwisha na nyasi za katikati ya miamba zikianza kukauka, majirani, wageni na vijana wa shule wanaopita kwangu huniuliza swali lile lile: ndege wote hawa unawalisha nini? Jibu langu huwavunja moyo wengi, maana kwa sehemu kubwa ya mwaka siwalishi kitu. Ninawawekea maji. Kwa kuwa maswali hayapungui, nami nimechoka kuyajibu nikiwa nimesimama mlangoni, nimeona niandike hatua zote mahali pamoja, ili anayeanza aanze vizuri.

Najua kwamba ushauri wa kuanza na maji unasikika kama mzaha kwa mkazi wa Mwanza, ambaye akifungua dirisha analiona Ziwa Viktoria, lenye eneo la karibu kilometa za mraba 68,800. Lakini tazama mji ulivyokaa. Nyumba nyingi zimepanda vilima vya mawe, Bugando, Igogo, Isamilo, Mabatini na kwingineko, ambako maji ya mvua hayatuami. Yanateleza juu ya mawe na kuishia mitaroni. Ufukweni nako kuna mawimbi, watu, mitumbwi na ndege wakubwa wenye njaa. Ndege mdogo wa gramu 10, anayeshinda akila mbegu kavu, anahitaji maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yaliyo karibu na kichaka cha kukimbilia, na maji ya namna hiyo ndiyo yanayoadimika mlimani tangu Juni hadi Septemba.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Chombo cha maji: sahani ya udongo ya kuwekea chungu cha maua, kigae cha mtungi mkubwa uliovunjika, au sinia pana. Upana usipungue sentimeta 30, na kina kisizidi sentimeta 5.
- Mawe machache yenye uso wa kukwaruza, ambayo hapa kwetu hayanunuliwi.
- Brashi ngumu itakayotumika kwa kazi hii peke yake.
- Nguzo au gogo la urefu wa mita 1.5, iwapo utafika hatua ya kulisha.
- Daftari dogo na penseli. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka daftari likilowa, penseli haina neno.
- Darubini, ukiipata. Yenye namba 8x42 au 8x32 inatosha kabisa (8 ni mara inazokuza, namba ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita); zenye kukuza zaidi hutetemeka mkononi na kumchosha anayejifunza. Usiahirishe kuanza kwa sababu huna darubini.

Tundu, ulimbo, mtego na manati havimo katika orodha hii. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wala kumiliki mnyamapori bila kibali, na ndege wa porini ni wanyamapori. Nalisema hili mapema kwa sababu ya cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka jicho, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, hasa kusini na kusini mashariki mwa ziwa hili letu. Walikamatwa kwa wingi sana kwa ajili ya kuuzwa nchi za nje, hasa miaka ya 1980, na mpaka leo kuna mtu atakayekuja kukuuliza kama unauza. Mwambie huuzi.

Hatua za kufuata

1. Kaa utazame kwa siku tatu kabla ya kugusa kitu. Toka nje saa 12:30 asubuhi, kunapokucha, ukae nusu saa. Rudia saa 11 jioni. Angalia ndege wanapita upande gani, wanatua mti gani, na paka wa jirani analala wapi. Mchana wa jua kali utaona ndege wachache, na wengi hukata tamaa kwa sababu hiyo wakadhani mtaa wao hauna ndege.

2. Chagua mahali. Panafaa pawe na kivuli kwa sehemu ya siku, na pawe mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kichaka au ua wa miti. Chombo kikiwekwa ndani ya kichaka, paka atajificha humo na kuruka. Kikiwekwa katikati ya uwanja mtupu, ndege watakiogopa kwa sababu ya mwewe. Pawe pia mahali unapopaona ukiwa umekaa ndani, maana ndege ambaye huwezi kumtazama hutajifunza lolote kwake.

3. Tengeneza chombo cha maji. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mara ya kwanza mimi nilitumia beseni la plastiki la bluu, nikalijaza maji hadi karibu na ukingo, nikasubiri wiki mbili bila kumwona ndege hata mmoja isipokuwa njiwa aliyetua ukingoni, akateleza, akaenda zake. Beseni lilikuwa na makosa mawili: kina kirefu na uso unaoteleza. Ndege mdogo hawezi kuogelea, na hataingia mahali asipopata pa kushika kwa vidole. Niliinamisha beseni upande mmoja, nikajaza mawe mpaka maji yakabaki sentimeta 1 pembeni na sentimeta 4 katikati, na kesho yake shore wawili walikuwa wakioga humo kana kwamba ni pao tangu zamani.

   Fanya hivyo hivyo: sehemu moja iwe ya kina cha kidole kilicholazwa, nyingine iongezeke taratibu, na jiwe moja litokeze juu ya maji ili liwe mahali pa kutua. Chombo cha chuma kisikae juani, kwa kuwa maji yake hupata moto sana. Cha udongo ndicho bora, kwani hupoza maji kama mtungi unavyofanya. Ukipata namna ya kutundika chupa yenye tundu dogo linalodondosha tone moja moja, sauti ya tone itawaita ndege waliokuwa wakipita tu.

4. Badilisha maji kila siku, au usizidishe siku mbili. Hatua hii haina hiari. Yai la mbu huchukua takriban siku 7 hadi 10 kuwa mbu anayeruka, kwa hiyo maji yanayomwagwa kila siku hayazalishi mbu, ila yaliyosahaulika wiki nzima yanakuletea mbu nyumbani. Mwaga maji ya zamani kwenye mche, sugua chombo kwa brashi, jaza mengine. Mara moja kwa wiki tumia sehemu 1 ya maji ya klorini ya kufulia kwa sehemu 9 za maji, kisha suuza mara kadhaa na uache chombo kikauke juani kabla ya kukijaza. Usitumie maji yenye sabuni. Sabuni huondoa mafuta ya manyoya yanayomkinga ndege asilowe. Ukisafiri, kifunike chombo na ukilaze kifudifudi.

5. Panda kitakachowalisha bila wewe kuwepo. Mpapai, mpera na mkuyu huwavuta walaji wa matunda. Mkuyu ukiwa na matunda ni karamu ya mtaa mzima, ingawa mti wenyewe ni mkubwa na mizizi yake haifai karibu na msingi wa nyumba. Shubiri, mmea unaovumilia mawe na ukame wetu, huchanua maua marefu yenye maji matamu ambayo ndege mdogo aitwaye chozi huyafuata kwa mdomo wake uliopinda. Acha pia kona moja ya nyasi ikomae mpaka itoe mbegu. Najua mama mwenye nyumba ataona ni uchafu, kwa hiyo kubalianeni kwanza ukubwa wa kona hiyo. Lantana, lile ua la rangi nyingi linalopendwa kwa uzio, usiipande: ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu hadi mashambani na malishoni, ambako ni gugu baya.

6. Lisha kwa kiasi, iwapo utaamua kulisha. Si lazima. Wakati wa mvua, mbegu na wadudu ni tele, na ndege wanaolea makinda wanahitaji wadudu kuliko nafaka. Kipindi kinachofaa ni kiangazi, na vyakula vyenyewe ni vya sokoni: mtama, ulezi, uwele na chenga za mchele kwa walaji wa mbegu, ndizi iliyoiva sana, papai au embe lililokatwa kwa shore na kuzumburu. Weka viganja viwili tu asubuhi, kiasi kitakachoisha kabla ya saa 6 mchana, juu ya meza iliyo kwenye nguzo, kisha fagia masalia yaliyoanguka chini kabla ya jioni.

   Yapo mambo manne ambayo naomba uyashike. Kwanza, usinunue mbegu za kupandia. Mara nyingi zimepakwa dawa, na ile rangi nyekundu au ya waridi unayoiona juu yake ndiyo onyo. Zitaua ndege na kuku wako pamoja. Pili, nafaka au karanga zenye ukungu zitupe mbali, kwa sababu sumukuvu haichagui kati ya mtu na ndege. Tatu, ugali wa jana, mkate, chipsi na chochote chenye chumvi visiingie mezani pao. Nne, usiweke dagaa wala utumbo wa samaki. Niliwahi kumwaga vichwa vya dagaa nyuma ya jiko nikidhani nawafadhili ndege, na kwa muda wa siku kumi paa langu lilikuwa mali ya kunguru na mwewe, huku ndege wote wadogo wakiwa wamehama. Wale korongo wakubwa wenye vipara na mfuko shingoni, wanaosimama kama wazee wa baraza karibu na mwalo wa Kirumba, nao hufuata harufu hiyo hiyo.

   Meza ya ndege ikae mbali na banda la kuku. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinaweza kupita kati ya kuku na ndege wa porini wanapokula na kunywa pamoja. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza kusafisha.

7. Andika unachokiona kabla hujatafuta jina lake. Anayeanza hukimbilia kuuliza jina, akiulizwa ndege alikuwaje anasema "mdogo, mzuri". Andika tarehe, saa, mahali, kisha mambo matano: ukubwa, mdomo, mkia, rangi na mahali ilipo, na alichokuwa akifanya. Ukubwa upime kwa ndege unaowajua: mdogo kuliko shomoro, kama tetere, kama kunguru. Mdomo mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu. Mwembamba ulionyooka ni wa wadudu. Mrefu uliopinda ni wa maua.

   Anza na hawa wachache ambao hutawakosa. Shore ana kichwa cheusi, mwili wa kahawia na manjano chini ya mkia, na ndiye anayeanza kuimba kabla ya wengine. Kuzumburu hutembea kundi zima, wana mkia mrefu kama wa panya na hujining'iniza matawini. Yule ndege mdogo wa samawati anayekula mbegu chini: dume ana doa jekundu shavuni, jike hana, na ukishalijua hilo utaacha kuwaandika kama aina mbili. Mnana wa manjano hufuma viota vinavyoning'inia. Dume ndiye fundi, na jike akikikataa kiota, dume huweza kukibomoa na kuanza upya. Tetere wachunguze kwenye maji yako: wao huzamisha mdomo na kunywa mfululizo bila kuinua kichwa, ilhali ndege wengi huchota tone, wakainua kichwa ili literemke kooni lenyewe. Tofauti hiyo niliigundua uani, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

   Ukiwa na simu yenye intaneti, programu ya Merlin na ile ya eBird, zote za Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, hazilipiwi na zinasaidia kupambanua picha na kutunza orodha. Hata hivyo usikubali jina linalotolewa na simu mpaka ulinganishe na maelezo yako ya daftarini. Simu hupenda kubahatisha.

   Zingatia tarehe. Kati ya Septemba na Oktoba mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia huanza kuingia, na kufikia Aprili wengi wameondoka. Wapo pia mbayuwayu wakaao hapa mwaka mzima, na bila tarehe hutaweza kuwatenganisha. Siku ambazo wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi juu ya maji, toka uwatazame mbayuwayu wanavyolishwa bure.

8. Toka nje ya ua. Ukishawajua ndege 15 wa nyumbani, shuka ufukweni. Mdiria mweusi na mweupe atasimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujirusha majini kumfuata dagaa, na furukombe, tai mwenye kichwa cheupe, utamsikia kabla hujamwona. Kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, kipo ndani ya jiji. Boti ya kwenda huko haichukui muda. Beba mfuko, na kila uzi wa nailoni au ndoano unayoikuta imetupwa kwenye mawe uiokote. Ndege wa majini akinaswa mguu kwa uzi huo, hufa polepole.

Makosa yanayojirudia

Kosa kubwa kuliko yote ni haraka. Mtu huweka maji Jumatatu, akayahamisha Jumatano, akayaondoa Jumamosi. Acha chombo mahali pamoja kwa wiki tatu.

Kosa jingine ni kukata viota vya mnana kwa sababu ya kelele, au kubomoa kiota cha tope cha mbayuwayu kwa sababu ya kinyesi barazani. Pigilia kibao kidogo sentimeta 30 chini ya kiota, kinyesi kitaangukia hapo. Jumba kubwa la vijiti la fundichuma nalo liachwe lilivyo, kwani ndege wengine huja kuishi humo yeye akihama.

Sumu ya panya isiwekwe nje. Panya aliyekula sumu huliwa na bundi au mwewe, na sumu humhamia aliyemla.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Wiki tatu zimepita na hakuna aliyekuja.* Pima kina tena, kwa rula. Kisha angalia kama kuna tawi ndani ya mita 3. Kama halipo, simika tawi kavu. Ikiwa ni msimu wa mvua, subiri kiangazi.

*Kunguru wametawala meza.* Ondoa chakula chote kwa siku saba, maji yabaki. Ukirudisha, weka ulezi peke yake, kwani punje zake ndogo hazimvutii sana kunguru.

*Ndege anapigana na kioo cha gari au dirisha.* Anaona sura yake na kudhani ni mpinzani. Yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia ni bingwa wa vita hivi. Funika kioo cha gari kwa mfuko mpaka msimu wa kutaga upite.

*Ndege amegonga dirisha na kuanguka.* Mweke ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu, kwa saa moja au mbili. Usimnyweshe maji kwa nguvu, usimwoneshe watoto. Akianza kupapatika, fungua boksi nje. Ili lisitokee tena, chora mistari ya wima juu ya kioo kwa upande wa nje, ikiachana kwa sentimeta 5 hadi 10.

*Kinda yuko chini.* Akiwa na manyoya na anarukaruka, mwache. Wazazi wako karibu wanamlisha. Fungia paka na mbwa. Akiwa hana manyoya, mrudishe kiotani kwa mkono. Yale maneno kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa na mtu si kweli.

*Nimeanza kuona nyoka.* Mbegu zilizoanguka huleta panya, na panya ndio wanaomleta nyoka. Fagia, na usilishe tena mpaka panya watoweke.

*Nimekuta ndege kadhaa wamekufa pamoja.* Usiwaguse kwa mikono mitupu na usiwape paka. Ondoa maji na chakula, kisha mjulishe afisa mifugo wa kata yako, hasa ikiwa kuku wa mtaa nao wanakufa.

*Bundi anatua juu ya paa usiku.* Hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalielewa, kwa sababu nilikulia katika nyumba ambayo bundi akilia, baba alitoka na kijinga cha moto kumfukuza. Bundi amefuata panya wako. Ukiona chini ya paa vidonge vya manyoya na mifupa midogo, vipasue kwa kijiti uone fuvu za panya aliowala, kisha uandike idadi daftarini. Ukitaka arudi kesho, zima taa ya nje.